Fumbo Nje, Wazi Ndani: Namna ya Kumwambia Mwenzio Ukweli Bila ya Kumvunjia Heshima

Mwaka wa tatu wa ndoa yangu nilinunua kanga kwa ajili ya wifi yangu, lakini si ya kumpa. Ilikuwa ya kuivaa mimi. Yeye alikuwa na mazoea ya kupita jikoni kwangu kila akija, akafunua sufuria moja baada ya moja, akaonja kwa ncha ya upawa. "Tui hili jepesi," husema, akafunika, akatoka. Sikumjibu hata siku moja. Nilikwenda sokoni Darajani nikachagua doti iliyoandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", nikaikata na kuipinda usiku ule ule. Kesho yake nikajifunga kipande kimoja, nikahakikisha jina, yaani yale maandishi, limekaa nyuma barabara, nikampitia mbele mara tatu na ndoo ya maji isiyokuwa na kazi.

Wifi alisoma. Nilimwona akisoma. Kisha akatabasamu: "Kanga nzuri hiyo, wifi. Nipe na mie kipande."

Sasa utamnyima vipi wifi yako kipande cha doti? Nikampa. Wiki nzima tukapishana uani, kila mmoja kajifunga kijembe kile kile, na sufuria zangu zikaendelea kufunuliwa.

Hivi sasa nauza kanga mwenyewe, na nimejifunza kumjua mteja kabla hajakaa kitako. Akiuliza rangi kwanza, anakwenda harusini. Akiuliza jina kwanza, nyumbani kwake hapasemeki. Huyu wa pili ndiye ninayemwandikia, awe mwanamke au mwanamme, maana wanaume nao wana kanga zao: kimya, kuchelewa barazani, kuacha pesa ya matumizi juu ya kabati bila ya kusema neno.

Kwanza tulipe fumbo haki yake

Sitaki mtu anielewe vibaya. Fumbo limetusitiri watu wa visiwa hivi vya Unguja na Pemba. Tunaishi ukuta kwa ukuta, tumeoana ndugu kwa ndugu, na unayegombana naye leo utamkuta kesho kwenye maziko. Fumbo linamwezesha mtu kuambiwa bila ya kuvuliwa nguo mbele za watu. Nenda kwenye taarab utizame mwanamke anavyoinuka na noti yake pale pale ubeti unapomgusa mtu fulani, anakwenda kutunza taratibu, ukumbi mzima unajua, na hakuna aliyetajwa. Huo ni ufundi, na sisi tumeurithi.

Ila fumbo lina ila yake moja: halimpi mtu nafasi ya kujibu. Akijibu, unamwambia, "Kwani nimekutaja?" Kwa jirani hilo linatosha. Kwa mtu mnayelala naye mto mmoja, au dada yako, au mama aliyemzaa mumeo, jambo lisilojibika haliishi. Linakaa, linavunda. Ndiyo maana nasema fumbo libaki nje, na ndani tuseme wazi, wazi yenye adabu. Inafundishika. Mimi nimejifunza ukubwani.

Hatua ya 1: Jijue una nini, kabla hujaulizwa

"Una nini?"

"Sina kitu."

Nadhani hakuna mazungumzo yanayorudiwa zaidi ya haya baina ya Nungwi na Makunduchi, na ng'ambo ya pili kutoka Konde mpaka Mkoani. Mara nyingi anayesema "sina kitu" hadanganyi kwa makusudi. Hajui ana nini. Anajua kavimba tu.

Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Marshall Rosenberg, aliyefariki mwaka 2015, alifundisha watu kuligawa jambo la moyoni katika mafungu manne kabla ya kufungua mdomo: lililotokea, ulivyojisikia, unachohitaji, na unachoomba. Ni rahisi kuyahesabu, kazi iko kwenye kuyatenganisha. Chukua karatasi mara ya kwanza. Usione haya.

Lililotokea ni kile ambacho kamera ya simu ingekinasa. "Jumatatu na jana umerudi saa tano usiku" kamera inanasa. "Huna habari na nyumba" haikinasi, hiyo ni hukumu yako, na mwenzio ataibishia hukumu badala ya kusikia jambo.

Ulivyojisikia ndipo penye utajiri, na ndipo tunapokuwa wavivu. Tuna neno "nimekasirika" tunalivika kila kitu kama kofia. Livue utizame chini yake pana nini. Roho imekuuma? Umeona haya mbele ya wageni? Umefadhaika? Umeingiwa na hofu ya pesa? Una upweke? Una wivu? Wivu sema wivu, hauui mtu ukitajwa, unaua ukifichwa. Umevunjika moyo? Umechoka tu na huna ugomvi na mtu? Lugha yetu ina maneno haya yote, na kila moja linamtaka msikilizaji afanye kitu tofauti. Mtu akisikia "nimekasirika" anajikinga. Akisikia "nimeona haya" anasogea.

Tahadhari na mtego huu: "Nahisi unanidharau." Neno "nahisi" lipo, lakini hisia haipo. Hiyo ni shutuma iliyojifunga kanga. Kipimo changu ni kuiondoa "u" ya mwenzangu kwenye sentensi na kuona kinachobaki. "Nimeona haya" inasimama peke yake. "Nahisi ...nanidharau" haisimami.

Unachohitaji ni kile ambacho mtu yeyote duniani anakihitaji: kupumzika, kushirikishwa, kuaminiwa, kuwa na mtu wa kula naye. Na unachoomba lazima kiwe kitu cha kufanyika, chenye siku na saa. "Nataka unijali" si ombi, ni dua. "Ukiona itapita saa tatu, nipigie" ni ombi. Na ombi la kweli linakubali kukataliwa. Kama akikataa utanuna wiki, basi ilikuwa amri, afadhali uiite amri.

Sasa tuitie mkononi. Bwana anatoka baada ya Isha, anakwenda barazani kwenye kahawa na bao, anarudi saa tano. Mke ameshapakua, wali umo kwenye hotipoti, watoto wamelala. Kwa namna tuliyoizoea atasema: "Karibu, mgeni. Huku siku hizi si umefanya nyumba ya kulala wageni?" Tamu, wallahi, inaingia pale pale. Na bwana atakula nusu sahani, kesho atarudi saa sita.

Kwa mafungu manne: "Juzi na jana umerudi saa tano. Nilishapakua, nikakaa peke yangu mpaka wali ukapoa, nikaona upweke. Mie napenda tukila pamoja, hata kama si kila siku. Wiki hii tunaweza kuanza Alkhamisi?"

Najua inasikika kama ya kusomewa. Mara ya kwanza nilipoijaribu bwana wangu aliniuliza kama nina homa. Ulimi unazoea, na baada ya muda mafungu yanachanganyika na maneno yako mwenyewe, mwengine hayaoni tena.

Hatua ya 2: Chagua saa na pahala

Hili halina maneno mengi lakini ndilo linaloharibu mazungumzo mazuri. Usianze jambo zito saa kumi ya jioni mwezi wa Ramadhani, mtu ana njaa na jiko linawaka. Usilianze mlangoni wakati anavaa viatu. Usilianze mbele ya watoto, wala mbele ya mavyaa, mama wa mumeo, hata kama mavyaa ndiye sababu. Kwenye maghorofa ya Michenzani ukipandisha sauti kidogo, wa juu na wa chini wameshapata khabari. Hapo kutoka mkatembea ni bora kuliko kukaa ndani.

Omba nafasi: "Nina jambo nataka tuzungumze, si la ugomvi. Leo usiku au kesho baada ya Alfajiri, lini utakuwa na nafasi?" Usiseme "tutazungumza" kwa sauti nzito kisha ukaondoka. Hiyo ni adhabu ya masaa manane.

Na si lazima mkae uso kwa uso. Kwetu Wete, msimu wa karafuu, mambo mazito ya nyumba yalizungumzwa usiku wakati wa kuchambua. Kila mtu ana fungu lake, mikono inatenganisha karafuu na makonyo, macho yako chini kwenye jamvi, harufu imejaa chumba kizima. Mama alisema mambo pale ambayo mchana asingeyasema kwa fedha. Baba alijibu bila ya kuinua kichwa. Nimekuja kufahamu baadaye kwamba kutotizamana kuliwapunguzia haya. Kama huna karafuu, kuna mchele wa kuchagua, kuna nazi ya kukuna, kuna safari ya gari. Mikono ikiwa na kazi ulimi unalegea.

Hatua ya 3: Sentensi ya kwanza

John Gottman, aliyekuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, amewatizama wanandoa wengi maabara wakibishana, tena kwa miaka. Moja ya mambo aliyoyaona ni kwamba dakika chache za mwanzo zinaonesha mazungumzo yatakavyomalizika. Yakianza kwa ukali yanaishia kwa ukali. Akataja pia tabia nne zinazobomoa: kumlaumu mtu kwa alivyo badala ya alichofanya, dharau, kujitetea kwa kila neno, na kujifungia kimya. Dharau aliiweka kuwa mbaya kuliko zote. Kwetu dharau haina haja ya neno. Kuna kusonya, kuna kubetua mdomo, kuna kupandisha jicho na kulishusha. Mtu anaweza kukusonya ukaumwa mwaka mzima.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza isibebe: "kila siku", "hata siku moja", "wewe na ukoo wenu", "kama mama yako". Wala isibebe "kuna watu humu ndani", maana humu ndani mko wawili. Ianze na wewe mwenyewe na jambo moja tu. Moja. Ukishafungua kapu la mwaka jana, la mahari, la harusi ya binamu, limekwisha lile ulilolijia.

Hatua ya 4: Kusikiliza, ambako ndiko tunakofeli wengi

Watu wananiuliza nisemeje. Wachache wananiuliza nisikie vipi. Na sisi tuna maneno mazuri kabisa ya kumfunga mtu mdomo: "Pole." "Subiri." "Ndiyo dunia." "Mshukuru Mungu, wenzio hawana hata hicho." Subira ni ibada, sibishi, lakini ibada ya mwenzio si wewe wa kumkumbusha kabla hajamaliza kulia.

Tizama hili. Mwanamke wa Jambiani anarudi kutoka pwani. Bahari imepata joto, mwani wake umenyauka na kukatika kwenye kamba, wiki tatu za kazi.

"Mwani wote umekatika."

Mume wa kwanza atasema: "Si nilikwambia uache? Mwani hauna pesa." Mume wa pili, mwema zaidi, atasema: "Kazi ya Mungu, mke wangu. Subiri." Wote wawili wamefunga mlango, mmoja kwa teke, mwengine kwa taratibu.

Wa tatu anafanya hivi:

"Wote? Hata kamba za upande wa ndani?"

"Hata hizo."

"Wiki tatu unatoka na maji yakipwa, halafu yote yameondoka."

"Na si pesa tu. Nilishamwahidi mtoto viatu vya skuli."

"Kwa hiyo linalokuuma zaidi ni ile ahadi."

"Ndiyo." Akakaa kitako.

Hakumshauri. Hakumtetea Mungu wala hakumlaumu mtu. Alirudisha alichokisikia kwa maneno machache, na mke akapata nafasi ya kusema lile lililokuwa chini. Angeambiwa "subiri", viatu visingetajwa. Hii ndiyo kazi yenyewe: rudia kiini cha alichosema, kisha nyamaza. "Nikikufahamu vizuri, unasema..." Akisema "siyo hivyo", ndiyo faida, amekusahihisha. Usirudie kama kasuku, neno kwa neno, utamtia hasira.

Jizoeshe pia kuuliza kabla ya kutoa rai: "Unataka nikusikilize au unataka tutafute la kufanya?" Wanaume wengi wanaliona swali hili la kitoto mpaka siku watakapolijaribu. Na wanawake tusijicheke. Mume akisema amechoka na kazi, sisi tunamjibu kwa orodha ya tulivyochoka sisi.

Kumfahamu mtu si kukubaliana naye. Unaweza kusema, "Nafahamu kwa nini yamekuuma," na bado ukaamini kwamba hukukosea. Watu wanaogopa kwamba wakionesha kufahamu watakuwa wameshindwa. Jaribu uone nani anashuka sauti kwanza.

Hatua ya 5: Hasira ikipanda

Gottman aliwafunga watu vyombo vya kupimia mapigo ya moyo wakati wanabishana. Moyo ukipita mapigo 100 kwa dakika hali umekaa tu, masikio yanakuwa kama yamezibwa. Mtu hasikii tena, anajihami. Na mwili unahitaji walau dakika 20 kutulia, mradi dakika hizo usizitumie kupanga majibu.

Sisi Waislamu tumefundishwa mapema zaidi: mwenye hasira akiwa amesimama akae, isipoondoka alale. Watu hulisoma kama adabu tu. Mimi nililifanya siku moja uani, nikajilaza kwenye mkeka katikati ya ugomvi. Bwana akashindwa kuendelea, maana ugomvi na mtu aliyelala unachekesha.

Ukiona umefika huko, sema: "Nimepandwa. Naomba nitoke, nitarudi baada ya swala tuendelee." Hapa ndipo penye tofauti na kununa. Anayenuna haondoki na saa ya kurudi. Ukisema utarudi, rudi, tena anza wewe.

Na jambo moja silitafunii maneno: neno la talaka si la kutishia. Mwanamme asilitoe kwenye ugomvi, na mwanamke asilidai kwenye ugomvi. Nimewaona waliolirusha kama jiwe la kumpigia kunguru, wakaja kuhangaika kwa masheikh kutafuta namna ya kuregeana.

Ukweli mgumu

Hatua za juu zinatosha kwa wali uliopoa. Kuna mambo mengine: deni ulilolificha, kazi uliyofukuzwa, pesa ya ada uliyompa ndugu yako, nia ya kuoa mke wa pili, mimba ya mtoto wa kike. Hapa huruma na ukweli zinagombania mlango.

Ushauri wangu ni kusema lote siku ya kwanza. Ukweli ukitoka kipande kipande, msikilizaji hajifunzi ukweli, anajifunza kwamba daima kuna kipande kingine, na hakuamini tena hata ukimaliza. Mtayarishe kwa sentensi moja, "Nina jambo zito, na kosa ni langu." Kisha litaje na hesabu yake: "Nina deni la shilingi milioni moja na laki mbili. Nilikopa mwezi wa Rajabu. Nilikuficha." Kisha nyamaza. Usieleze sababu mpaka uulizwe, maana sababu ikitangulia inasikika kama utetezi. Acha alie, acha atoke, acha akae kimya. Baadaye ndiyo useme unavyokusudia kulilipa.

Lakini ukweli si kumwaga kila kitu. Siri ya shoga yako si yako kuitoa, hata kwa mumeo. Na yale yaliyopita kabla ya ndoa, yaliyokwisha na hayana mkia, mimi nayaona ni sitara. Najua wapo wasiokubaliana nami. Mpaka wangu ni huu: likigusa afya ya mwenzio, pesa zenu, au watoto, halina sitara tena, ni kuficha. Na kabla ya kusema jiulize kama unampa habari ya kuitumia, au unamtwisha mzigo ili wewe ulale.

Upo na uongo mdogo wa adabu. Tui ni jepesi na umeulizwa na mwenyeji wako, sema zuri. Sikushauri uwe shujaa kwa kila mchuzi.

Simu

Stetasi ya WhatsApp ndiyo kanga mpya. Mtu kagombana na mumewe saa mbili, saa mbili na nusu kaweka "Mwenye macho haambiwi tizama" na picha ya maua yenye umande. Watu mia mbili wamesoma, mmoja hakusoma, na huyo mmoja ndiye aliyekusudiwa.

Jambo lenye uzito usiliandike. Maandishi hayana sauti, na mtu husoma kwa sauti aliyonayo yeye kichwani. Ujumbe wa sauti ni bora kidogo, ila usimtumie wa dakika saba. Hawezi kukukatiza, na asiyeweza kukatiza hajazungumza nawe, amehutubiwa. Mmoja akiwa Unguja na mwengine Pemba, pigeni simu. Kikubwa zaidi kisubiri boti.

Kuomba radhi

Liondoe neno "kama". "Nisamehe kama nimekukosea" inamwambia mtu kwamba kosa labda ni la kwake la kuona vibaya. Sema kosa kwa jina: "Nisamehe, nilimhadithia dada yako jambo uliloniambia mimi tu." Na usiongeze "lakini". Ile radhi yetu ya jumla ya usiku wa kuamkia Idi, "nisamehe niliyokukosea kwa kujua na kutokujua", ni nzuri na tuiendeleze, ila haifuti kosa lenye jina. Nayo iwekee akiba: siku za kawaida, zisizokuwa na ugomvi, mwambie mwenzio mazuri yake kwa sauti. Kwa wanandoa waliodumu, Gottman alihesabu matano mazuri kwa kila moja baya, hata wakati wa kubishana. Sisi tuna tabia ya kumsifu mtu kwa wengine tu.

Mkishindwa wawili

Msiite umati. Surat An-Nisaa aya ya 35 imeweka hesabu: mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke, wakitaka kusuluhisha. Wawili. Si shangazi watano na kikundi cha vikoba. Chagueni watu wanaoweza kusikia jambo na likafia kwao. Mara nyingi somo wako aliyekuweka ndani akakufunda kabla ya ndoa, kama bado yu hai na ana busara, anafaa kuliko shoga mnayecheka naye. Isipowezekana, yupo sheha, ipo Ofisi ya Mufti, na mwisho ipo Mahakama ya Kadhi.

Lakini kama kinachotokea ni kipigo, au kunyimwa chakula, au kutishiwa maisha, weka mwongozo huu chini. Hakuna sentensi tamu inayozuia ngumi, na si kazi yako kuitafuta. Ondoka kwanza. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto, na hospitali ya Mnazi Mmoja kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako aliyedhalilishwa anapata matibabu na msaada wa kisheria pahala pamoja.

Nilivyomwambia wifi

Ilinichukua miaka minne kuyatia yote haya kwenye vitendo kwa yule niliyemnunulia kanga. Alikuja Jumamosi moja, tukakaa uani, mimi nakuna nazi, yeye anachagua mchele. Nilikuwa nimeandika mafungu yangu manne nyuma ya risiti ya duka.

"Wifi," nikasema, "ukija ukafunua sufuria zangu ukasema tui jepesi, naona haya. Najiona kama msichana wa kazi ndani ya jiko langu. Nataka nikupikie hali nimefurahi. Naomba ukitaka kuonja uniambie, nikupakulie mimi."

Aliendelea kuchagua mchele. Nikatamani kuongeza neno, nikajizuia.

"Marehemu mama," akasema mwisho, "aliniambia nimtizame mdogo wangu anakula nini. Alikuwa mgonjwa sana udogoni, wewe hukumkuta. Nikiona tui jepesi naingiwa na khofu. Sijui kwa nini."

"Sikujua."

"Ungejua vipi, sijasema."

Nikaona sasa nimalize lote. Nikamwambia: na ile kanga ya simba niliinunua kwa ajili yako.

Akacheka mpaka mchele ukamwagika kwenye ungo. "Najua! Nilijua pale pale. Unadhani kipande nilikuombea nini?"

Siku hizi akija huniita kutoka mlangoni, "Wifi, nafunua!" Nami humkabidhi upawa.